Yule anayelala barazani kwako hakuanzia pale

Swali (nimelifupisha kidogo): "Shikamoo dokta. Mi nauza chai na maandazi huku Ngamiani. Kwenye baraza ninapopikia kuna kaka analala, mwaka wa nne sasa. Zamani alikuwa fundi baiskeli mzuri tu, hata ya kwangu alishaitengeneza. Wengine wanasema karogwa, wengine wanasema bangi, wengine wanasema maisha ya barabarani ndo yamemtia wazimu. Nataka kujua kipi kinaanza, kichaa au barabara? Nauliza kwa sababu nina mdogo wangu ana miaka 22, tangu baada ya Ramadhani hatoki chumbani, anaongea peke yake, anasema redio ya jirani inamtaja jina. Mama kampeleka kwa mganga Pangani. Naogopa na yeye ataishia barazani kwa watu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tuwekane sawa, mi sio dokta, mi ni muuguzi wa afya ya akili, wodini wananiita Sista, na kazi hii nimeifanya ndani ya mkoa wa Tanga mwaka wa kumi na tisa huu. Dokta anakuja anaandika anaondoka, anayekaa na mgonjwa mpaka anajua jina la mbuzi wao wa nyumbani ni sisi. Kwa hiyo mengi ntakayokwambia ni ya kuona kwa macho, na pale penye utafiti ntakutajia.

Umeuliza kipi kinaanza. Mara nyingi ugonjwa ndo unaanza, ila ugonjwa peke yake haumtoi mtu nyumbani. Katikati ya ugonjwa na hilo baraza lako kuna mtu wa tatu, na habari yote iko kwa huyo. Mi nikipokea mgonjwa aliyeokotwa barabarani, akishatulia kidogo, siulizi umeanza lini kuumwa, nauliza "nani alikuwa anakupikia?" Karibu kila mara ni mama, au bibi, mara mojamoja dada mkubwa. Halafu nauliza yuko wapi sasa. Hapo wengine wanaangalia chini, wengine wanacheka kile kicheko cha ajabu, lakini jibu ni lilelile, kafa, au kazeeka haoni, au kaolewa mbali.

Hebu nikusimulie mmoja. Aliletwa na mgambo na kijana wa bodaboda, kafungwa mikono kwa shati lake mwenyewe. Tukaanza kumvua tumwogeshe, shoga yangu tulihesabu nguo saba, suruali tatu, mashati matatu na juu koti la mvua, na jua la Tanga hili unalijua. Vyote vilitoka bila ugomvi mkubwa. Shingoni alikuwa na kamba ya katani na ufunguo mmoja, ule wa kitasa cha zamani, umeshika kutu. Hapo ndo tulipigana. Alikuwa yuko tayari ang'atwe, apigwe, ila ufunguo hautoki, tukamwacha akaoga nao. Kama wiki tatu hivi baadae dawa zikiwa zimemkaa ndo akanielezea vizuri tu, kama mimi na wewe. Ni wa nyumba ya mama yake. Mama alikufa, matanga yakakaliwa, baada ya arobaini ndugu wakakaa kikao wakauza nyumba wakagawana, fungu lake akapewa kaka mkubwa "amtunzie". Yeye wakati huo alikuwa kalala kwa shangazi. Akarudi nyumbani jioni, akaingiza ufunguo, haukuzunguka. Akajaribu na siku ya pili. Siku ya tatu mwenye nyumba mpya akapiga kelele ya mwizi. Akaniambia hivi, "Sista, ufunguo haukukataa, wamebadilisha kitasa." Nilitoka nje nikajifanya naenda kuchukua faili.

Sasa huyo ukimkuta pale Tangamano utasema kichaa kimemtoa kwao. Kichaa alikuwa nacho miaka tisa kabla, na miaka yote tisa alilala kitandani kwake.

Na sio yeye tu. Shirika la Afya Duniani linasema skizofrenia, ule ugonjwa ambao sisi mtaani ndo tunauita kichaa hasa, unampata karibu mtu mmoja kati ya 300. Mkoa wetu sensa ya 2022 ulihesabiwa watu milioni 2.6. Haya piga hesabu ya juujuu, ni kama watu elfu nane na kitu mkoa mzima, na huo ni ugonjwa mmoja tu sijaweka mingine. Wewe ukitoka Ngamiani mpaka Chumbageni, ukapita Mgandini, ukaenda hadi stendi ya Kange, unawaona wangapi? Kumi? Ishirini? Weka na miji yote, Korogwe, Muheza, Handeni, hawafiki hata robo ya hao. Waliobaki wote wako ndani, wako uani kwa mama zao, wengine wanachota maji, wengine wanachunga, wengine wapo tu wamekaa. Tunaowaona barabarani ni wale ambao yule mtu wa tatu kawatoka. Ndo maana mi nikisikia mtu anasema "vichaa wamezidi mjini" huwa namwambia hapana, kina mama ndo wamepungua.

Na mama kuchoka sio roho mbaya, naomba hili ulishike kwa sababu wa kwenu na yeye atachoka. Ugonjwa wenyewe unakuja kwa wakati mbaya, kwa wanaume mara nyingi unaanza kati ya miaka kumi na nane na ishirini na tano hivi, wanawake wanachelewa kidogo, yaani pale ambapo mtoto ndo anaanza kushika fundo la maisha, kajifunza ufundi, anaanza kuleta hata mkate nyumbani. Na hauanzi kwa fujo. Unaanza kwa kuacha kuoga, kulala mchana na kukesha usiku, kukaa mwenyewe, kuhisi anasemwa. Watu wanasema ana kiburi, mapenzi, kavuta. Fujo inakuja mwishoni, na ikija ndo mbio za waganga zinaanza, kuku mweusi, beberu mwekundu, kombe, kafara, mganga huyu kasema majini, yule kasema shangazi yake, familia inagombana na shangazi. Wakija kwetu hospitali minazi imeshauzwa, na shangazi ambaye ndo angesaidia kumlea hasalimiani nao tena. Mi siwalaumu sana waganga kwa dawa zao kuliko ninavyowalaumu kwa hilo la kutaja ndugu. Mgonjwa wa akili mtaji wake ni ndugu, na mganga anamkatia ndugu wa kwanza siku ya kwanza.

Halafu kuna hili la nyumba za kupanga. Mwenye kwao ana afadhali, anayeishi chumba cha kupanga na mama yake, mwezi mmoja wa kelele usiku wapangaji wanashtaki, baba mwenye nyumba anasema hamisheni huyo mtu au hameni wote. Wanahama mara moja, mara mbili, mara ya tatu anabaki njiani.

Umetaja bangi. Bangi ipo ndio, kwa kijana ambaye mwili wake unao huo mwelekeo inaweza kuuamsha ugonjwa mapema na kuufanya mgumu kutibika, ila wanaovuta ni wengi sana na wanaougua ni wachache, kwa hiyo usimalize kesi kwa kusema bangi. Unga, yaani heroini, ni habari nyingine, wale vijana wa unga unaowaona wanalala wima wengi sio vichaa kabisa, tiba yao ni tofauti, nchini kwetu methadoni, dawa wanayopewa badala ya unga, ilianza Muhimbili 2011 na sasa imefika mikoani. Na kuna wagonjwa wanaitwa vichaa kumbe ni kifafa, au kaswende iliyopanda kichwani, au virusi vya Ukimwi, au mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita akachanganyikiwa. Hao wa mwisho wananiuma kuliko wote kwa sababu wanapona haraka mno wakiwahiwa, na wakichelewa talaka inatoka mtoto ananyang'anywa. Ndo maana lazima apimwe, sio tupige ramli na sisi.

Sasa upande wa pili wa swali lako, kwamba barabara nayo inatia wazimu. Ni kweli kabisa, na hapa wengi hawaangalii. Ukitaka kujua, muangalie huyo kaka wa barazani kwako analala saa ngapi. Mi nakutabiria, analala asubuhi ukishawasha jiko lako. Si ndio? Anasubiri wewe ufike. Usiku halali yule. Usiku baraza ni la mlinzi wa duka, la mbwa, la vijana wanaotoka kulewa, la mwizi anayetaka kumpekua, kwa hiyo anatembea. Anatembea mpaka Raskazone anarudi. Wewe ukifika saa kumi na moja na masufuria yako, pamekuwa na mtu mzima na moto na mwanga, ndo anajikunja kwenye kona analala. Halafu wateja wanasema kichaa mvivu huyu analala mpaka saa nne. Mtu mzima kabisa kama wewe nikikunyima usingizi siku tatu mfululizo utaanza kuona vivuli na kusikia unaitwa, hiyo ni hali ya ubongo wa binadamu yeyote. Sasa mwenye ugonjwa tayari, miaka minne bila usiku hata mmoja wa kufumba macho kwa amani, unategemea nini?

Na yale manguo manguo, na kile kifurushi cha mifuko ya rambo anachobeba, watu wanadhani ndo dalili ya uchizi. Mara nyingi ni akili timamu ile. Hana kabati. Akivua shati akaliweka, limeondoka. Kwa hiyo kabati lake ni mwili wake. Nilishafungua kifurushi cha mama mmoja mbele yake, kwa ruhusa yake, katikati ya makopo na vipande vya kanga kulikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, imefungwa kwenye nailoni mara nne, safi kama imetolewa jana.

Ndo ujue pia kwa nini dawa zinashindwa barabarani. Dawa zetu nyingi zinaleta usingizi mzito. Ukiwa kitandani kwako usingizi ni neema, ukiwa barazani usingizi ni kufa, watakuvua mpaka kandambili, na ukiwa mwanamke siwezi hata kuandika. Kwa hiyo mgonjwa wa barabarani anatupa vidonge na ana sababu zake. Halafu zinaongeza njaa, chakula hana. Zinakausha mdomo, maji hana. Haloperidol, moja ya dawa hizo, inaweza kumkaza shingo na kumpandisha macho juu, ipo dawa ya kutuliza hilo, Artane, lakini lazima awepo mtu wa kuona kwamba shingo imepinda na kumrudisha. Na tarehe ya kliniki je? Mtu ambaye hajui leo ni Jumatano au Ijumaa umempa kadi imeandikwa arudi tarehe 14. Ndo maana kwa hawa mi napenda sindano, ile ya Modecate inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, angalau hapo tunatafuta mtu mmoja na siku moja, basi.

Utafiti mmoja ninaoupenda ulifanyika Addis Ababa, Ethiopia, ulichapishwa 2014, walihojiwa watu 217 wanaolala nje kabisa, sio wa kwenye makazi ya msaada. Asilimia 41 walikuwa na ugonjwa mkubwa wa akili, ule wa kupoteza uhalisia. Zaidi ya nusu walikuwa na shida ya pombe. Ukiangalia namba hiyo inasema mambo mawili kwa mpigo, kwamba karibu nusu ya waliolala nje ni wagonjwa wanaohitaji tiba, na kwamba zaidi ya nusu hawana kichaa cha aina hiyo. Kwa hiyo mtu anapomwita kila mlala nje chizi anakosea, na anayesema hawa wote ni maskini tu wapeni hela, na yeye anakosea.

Wazungu nao usidhani wameshinda hapa. Marekani mwaka 1955 hospitali zao za serikali za vichaa zilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni wamelazwa. Dawa mpya zikaja, Kennedy akasaini sheria 1963 kwamba watibiwe huko wanakoishi, wazo zuri sana, wakafungua milango ya hospitali ila vile vituo vya mtaani vya kuwapokea vingi havikujengwa, na hela ya kupanga nyumba haikuwepo. Baadhi yao wakaishia mabarazani na magerezani. Walimtoa mgonjwa kwa yule mtu wa tatu, ambaye kwao alikuwa hospitali, hawakumkabidhi kwa mwingine.

Kanada walijaribu kinyume chake. Kuanzia 2009, kwenye miji mitano, walichukua watu kama 2,000 wasio na makazi na wenye ugonjwa wa akili, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa chumba kwanza, bila masharti ya "acha pombe kwanza" au "meza dawa kwanza", halafu wahudumu wakawa wanawatembelea humohumo. Kundi lingine likaachwa na huduma za kawaida. Miezi sita ya mwisho ya utafiti, waliopewa chumba kwanza asilimia 62 walikuwa wamekaa ndani muda wote, wengine ni asilimia 31. Mara mbili. Na walikuwa ni wagonjwa walewale ambao watu wa pale walisema hawawezi kukaa nyumbani.

Najua utasema Sista, Tanga nani atampa mtu chumba bure. Sawa. Lakini maana ya ule utafiti sio ghorofa, maana yake ni kwamba mlango unaofungwa kwa ndani ni sehemu ya dawa, dozi yake ni kila usiku. Afrika hii hii yupo Grégoire Ahongbonon, mtu wa Benin, kazi yake ilikuwa kutengeneza matairi, sio daktari wala nini, alikuwa anaishi Bouaké kule Kodivaa, akaanza kuwafuata wagonjwa wa barabarani usiku na chakula na maji ya baridi, baadae na wale waliofungwa minyororo na magogo vijijini. Akafungua vituo, wagonjwa waliopata nafuu ndo wanawahudumia wengine wanaoingia. Fundi matairi yule. Nimefikiria sana fundi baiskeli wako nikiandika hapa.

Na sisi hapahapa tusijidharau. Watu wakitaniana nchi hii wanasema utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, wanasahau kwamba mkoani kwetu kuna Lutindi, juu milimani Usambara upande wa Korogwe. Ilianza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadae ikawa pahala pa wagonjwa wa akili, kabla hata Dodoma hawajajenga. Kilichonivutia siku nilipokwenda ni kwamba wagonjwa wanafanya kazi, shamba, ufundi. Mtu aliyekuwa anaongea na ukuta anapalilia, jioni anajua amechoka kwa sababu gani.

Haya, tuje kwa kaka wa barazani. Usianze na hospitali. Anza na chai, ambayo najua unampa tayari ingawa hukuandika. Mpe saa ileile kila siku, mwite kwa jina lake lile la zamani, jina la ufundi wake, usimwite kwa lile wanalomwita watoto. Usisimame mbele yake ukamzibia njia, kaa pembeni kidogo, ukae chini kama yeye. Akikwambia redio inamsema usimwambie muongo na usimwambie kweli, sema "mi sisikii, ila naona inakusumbua." Wiki mbili tatu za hivo zinatosha akuzoee. Katika hizo wiki tafuta ndugu, na usitafute yule mwenye hela, tafuta yule mwenye huruma, mara nyingi ni binamu wa kike aliyeolewa mbali au mjomba mzee ambaye hakupewa chochote kwenye urithi. Hospitali zetu, niseme ukweli unaoniudhi, mgonjwa asiye na ndugu wa kukaa naye anapokelewa kwa shingo upande, nilishaona mgonjwa anarudishwa getini kwa sababu tu waliomleta ni majirani. Kwa hiyo mkienda, nendeni na barua ya mwenyekiti wa mtaa, mpitie na kwa ofisa ustawi wa jamii, huyo ndo anashughulikia msamaha wa gharama na kutafuta ndugu, na mkimpata mapema hamzungushwi. Akigoma kabisa na hali ni mbaya, hajala siku kadhaa, ana kidonda kina funza, au anasema sauti zinamwambia ajiue au amuumize mtu, hapo hamsubiri kuzoeana, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, polisi na ustawi wanaweza kumfikisha hospitali hata kama hataki. Sio kumfunga kamba mkampakia kwenye guta, mkifanya hivo hata nyie watu wa chai hatawaamini tena.

Na akirudi kutoka wodini, hapo ndo kazi. Akirudi barazani mmecheza tu, ndani ya mwezi yuko vilevile. Hata stoo. Hata kile chumba cha nyuma ambacho watu wanaweka mkaa, kitolewe mkaa, kiwekwe kitasa na ufunguo apewe yeye. Nimeona mafundi wakirudi kazini, sio wote, wengine wanarudi nusu, anaweza kuziba pancha ila kuhesabu chenji bado, basi mtu mwingine ahesabu. Mpeni spana mapema msisubiri "apone kabisa".

Mdogo wako sasa, na hapa ndo nakuomba usilale. Miaka 22, miezi michache, redio inamtaja, ametoka kwenye mambo yake. Siwezi kumpima kwa maandishi, inaweza kuwa ugonjwa huu, inaweza kuwa kitu kingine kinachoonekana hivo, ila kadri anavyowahi matibabu ndo anavyorudi karibu na alivyokuwa, na kila mwezi unaopita Pangani una gharama yake. Usigombane na mama kuhusu mganga. Ukimwambia mama achague, atachagua mganga, kwa sababu mganga kamwambia mwanao atapona na sisi tutamwambia mwanao atameza dawa muda mrefu. Mwambie hivi, mama dua iendelee, kombe liendelee kama ni la aya tu, ila majani ya kunywa na kujifukiza yasimame kwanza tupime damu, na asifungwe wala asipigwe kumtoa jini. Kama kuna mtu kashatajwa kwamba ndo mchawi, wewe nenda kamsalimie huyo mtu, mpelekee hata maandazi. Mtamhitaji.

Halafu kaeni kikao mapema, mama akiwa hai na akili yake, mseme nyumba ile chumba kimoja ni cha nani na nani ataenda naye kliniki mama asipoweza. Naijua aibu ya kuongea mambo ya mirathi mtu hajafa, ila ongeeni, na iandikwe kwa mtendaji.

Kitengo cha afya ya akili kipo pale hospitali ya Bombo, njooni wiki hii hii kabla haijafika mwisho wa mwezi, asubuhi. Usimdanganye kwamba mnaenda kumsalimia mgonjwa, mwambie tunaenda kuangalia hilo la kutolala, kwa sababu kutolala hata yeye analijua na linamsumbua. Na mama aje pia, usije wewe tu. Kama anaona aibu mwambie kuna Sista pale ana mtoto wa dada yake mwaka wa sita yuko kwenye sindano, na anaendesha bajaji.